Miaka Yangu Mlangoni kwa Mama wa Viti

Nina umri wa miaka thelathini na tatu na nimestaafu. Mkitaka kucheka chekeni upesi, tuendelee. Najua mmezoea kumbukumbu za kazi ziandikwe na mzee wa reli au wa bandarini, mwenye mvi na kikohozi. Mimi bado naenda afisini Changamwe kila asubuhi kuhangaika na karatasi za makontena. Kazi niliyostaafu ni ile nyingine, ambayo sikulipwa wala sikuiomba: kukaa mlangoni kwenye kikundi chetu cha walioacha pombe, pale Mtopanga, na kupokea watu.

Sasa kiti cha mlangoni ni chenu, nyinyi mliojiunga juzi juzi, na Mama Kadzo amenitaka niwaambie machache kabla hamjaanza kuharibu. Nilimuuliza kwa nini asiwaambie mwenyewe. Akasema, "Nikisema mimi watanisikiliza. Ukisema wewe watabisha, na mtu aliyebisha hasahau." Sijui kama ni kweli, hakuna aliyepima. Lakini tuanze.

La kwanza ni hili. Hapa kwetu mtu haji akasema amekuja kuacha pombe. Huja kukodi viti.

Mnalijua ghala lenyewe. Mama Kadzo hukodisha viti vya plastiki, turubai na masufuria makubwa kwa harusi na matanga, na sisi hukaa katikati ya mali yake, viti vimepangwa kuta zote mpaka darini. Wiki yenye harusi kubwa viti huondoka vyote na sisi hukalia masufuria yaliyopinduliwa. Nimewahi kumsikiliza mwanamume akieleza jinsi alivyopoteza nyumba yake huku amekalia sufuria ya pilau ya watu mia mbili. Kila akijisogeza, sufuria inalia kama kengele. Hakuna aliyecheka mpaka alipocheka mwenyewe, na hiyo nayo ni kanuni ya mlangoni, iwekeni moyoni.

Mimi nilielekezwa na tabibu wa zahanati moja kule Likoni. Nilivuka feri kwenda huko makusudi, maana Kisauni nzima inamjua mamangu. Kabla ya hapo nilikuwa nimetafuta msaada kwenye simu, kama msomi. Nikapata nambari isiyopokelewa, jumba la Nyali lenye bwawa la kuogelea na ada ambayo ingenirudisha kwenye chupa, na mhubiri aliyetaka kuniombea kwa spika. Tabibu nilimwambia nina vidonda vya tumbo. Akanibonyeza tumbo, akanitazama macho, akaandika dawa ya vidonda vya tumbo. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Na ukifika Mtopanga, muulizie mama wa viti."

"Viti vya nini?"

"Vya kukalia."

Nikaenda. Nilimkuta Mama Kadzo akipanguza vumbi, mwanamke mfupi, leso mbili, miwani imefungwa kwa uzi. Wakati huo sikujua kwamba aliwahi kuuza mnazi, ile pombe ya minazi, miaka mingi, na kuunywa kuliko alivyouuza. Nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Viti vingapi?"

Maneno niliyokuwa nimeyaandaa tangu feri yakaniruka. Nikasema, "Hamsini."

"Na turubai?"

"Na turubai."

"Siku gani?"

"Kesho."

"Shughuli gani?"

"Shughuli tu," nikasema.

Kesho yake asubuhi mkokoteni ukasimama mbele ya nyumba yetu na viti hamsini na turubai ya samawati. Mamangu akatoka, akaviona, akajishika kichwa. "Zuhura! Nani kafa?" Kabla sijajibu, jirani wa mkono wa kulia ameshavaa buibui, na wa mkono wa kushoto ameshaleta mchele. Ilinichukua asubuhi nzima kumwambia mtu mmoja mmoja kwamba hakuna maiti. Wengine waliondoka wamenuna, nahisi kwa kukosa shughuli.

Nilipovirudisha viti, Mama Kadzo aliniuliza, "Shughuli ilikwendaje?"

"Haikuwapo."

"Najua. Kaa nikupe chai. Wengi huanza na viti. Kuna bwana mmoja alianza na masufuria, akayarudisha safi kama alivyoyachukua."

Kwa hiyo, wapenzi wangu wa mlangoni, mtu akija kukodi viti na hajui siku ya shughuli, msimtajie bei. Mpeni chai, na kikombe mkijaze nusu. Nusu kikombe mkono unaotetemeka hukifikisha mdomoni. Kikijaa humwagika, na mtu akishajimwagia chai mbele ya wageni harudi. Msimuulize jina. Msimsifu kwa ujasiri, maana hajui bado kama ni jasiri au amepotea njia. Akisema amekuja kwa niaba ya nduguye, mwambieni ndugu huyo ana bahati, na mwambieni amwambie chai ipo. Wallahi nimewapokea ndugu wengi ambao hawajazaliwa.

Na tafadhali, punguzeni ile lugha yenu mnayoitoa kwenye video. Mwingine juzi, mgeni hata hajakaa, anamwambia, "Karibu, hii ni safari." Safari gani, naye ametoka Bombolulu hapo kwa miguu?

Si kwamba mimi niliingia nikiwa malaika. Mkutano wangu wa pili nilisimama kupinga. Nilisoma takwimu chuo kikuu, na mtu wa takwimu ukimwambia jambo linafaa atakuuliza limewafaa wangapi na umewahesabu vipi. Nikauliza kwa nini tujitambulishe kwa kusema "mimi ni mlevi" ilhali tumeacha. Aliyeacha kuvua haitwi mvuvi. Nikauliza ni nani aliyethibitisha kwamba kusema hadharani kunasaidia. Nikauliza kwa nini tunapiga makofi mtu akimaliza kusema, kwani ni harusi? Mutiso, anayesukuma mkokoteni soko la Kongowea na ndiye aliyeniletea vile viti hamsini, akamgeukia Mama Kadzo. "Mathe, huyu ametoka yunivasiti ama ametoka kortini?"

Mama Kadzo akasema, "Maswali yake mazuri. Ayapeleke mlangoni, huko kuna upepo."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Lakini makofi yaliachwa, mkumbuke hilo. Majirani walikuwa wakiyasikia na kuja kuuliza ni harusi ya nani na kamati inakutana lini tena. Sasa mtu akimaliza kusema tunagonga kiti kwa kidole. Hilo ni langu, nalidai.

La simu si langu. Kundi letu la simu tumelibatiza "Viti na Turubai" ili mke au mama akichungulia asione kitu. Jina likawa zuri kupita kiasi. Wateja wa kweli huingizwa humo kwa makosa kila mara. Siku moja mmoja wetu aliandika, akiwa katika dhiki ya kweli, "Leo nina hamu mbaya." Mtu tusiyemjua akamjibu, "Ya pilau au biriani?" Yule bwana aliniambia baadaye kwamba alicheka mpaka hamu ikapita. Sisemi hiyo ni tiba. Nasema ilitokea.

Lakini Mama Kadzo hakunituma niwasimulie vichekesho vya simu. Alinituma niwasimulie posa ya Kahindi, kwa sababu nyote mmesikia nusu yake na kila mmoja anaieleza vingine.

Kahindi ni fundi wa vigae. Siku ya kwanza alifika mlangoni akasema amekuja kuangalia sakafu. Sakafu yetu ni saruji tupu na ina nyufa. Nikamwambia aiangalie. Akaiangalia kuanzia ukuta huu mpaka ule, akasema ina kazi, akanywa nusu kikombe, akarudi wiki iliyofuata kuiangalia tena. Alikuwa amefukuzwa kazini Shanzu kwa sababu mikono ilikuwa ikitetemeka na mistari ya vigae inapinda kama nyoka. Baba yake mdogo, ndiye mzee pekee aliyebaki upande wao, alikuwa ameapa kwamba hatafuatana naye mahali popote mpaka afe mmoja wao.

Basi Kahindi akaacha kunywa, mikono ikatulia, kazi ikarudi, mwaka ukapita na zaidi. Kisha akaja mkutanoni na sura ya mtu aliyemeza ndizi nzima. Mama Kadzo akamwambia, "Sema kabla hujapasuka." Akasema anataka kumwoa Dama, mpishi wa shule moja kule Bamburi. Dama anajua kila kitu chake. Amekubali. Tatizo ni mnazi.

Wagiriama kati yenu mnalijua, wengine niwaeleze. Posa yao haiendi mikono mitupu. Huenda na mnazi, na mnazi huo una jina lake, kadzama. Upande wa mwanamume ndio unaouleta, na upande huo ndio unaoonja kwanza mbele ya wenye nyumba, ionekane kwamba hakuna ubaya uliotiwa ndani. Hapo ndipo wenye nyumba hunywa na maneno huanza. Siku hizi wengi hupeleka soda. Mzee Ngowa, babake Dama, hakuwa mtu wa soda.

"Nikionja, najijua," Kahindi akasema. "Sitarudi hapa. Nisipoonja, simpati Dama."

Mimi, kwa elimu yangu, nikauliza, "Kwani kuonja ni kunywa? Si funda moja tu?"

Kahindi akanitazama kwa huruma. "Wewe Zuhura ulianza na mafunda mangapi?"

Nikalifuta swali langu. Hutokea.

Mutiso akapendekeza tutie maji ya dafu ndani ya mtungi, nani atajua? Mama Kadzo akamwuliza kama anadhani mzee wa Kigiriama ataonja dafu aseme ni mnazi. Mimi nikasema aende amweleze mkwewe mapema, ukweli wote, mambo yaishe. Kahindi akasema, "Nimwambie nilikuwa mlevi kabla hajaijua hata sura yangu?" Basi Mama Kadzo akatoa shauri lake. Kwa kuwa ukoo umemkataa, sisi tutakuwa ukoo. Mzee Baya, fundi cherehani mstaafu na mwenzetu wa siku nyingi, atakuwa msemaji, kwa kuwa ni Mgiriama na anajua maneno ya posa. Mama Kadzo atakuwa shangazi. Mimi na Mutiso tutakaa kulia na kushoto kwa Kahindi ili kata, kile kifuu cha kuchotea mnazi, isimfikie. Mnazi wenyewe utanunuliwa na mtu wa bodaboda, asiye wa kikundi, aulete mpaka langoni kwa wakwe, ili hata mmoja wetu asitie mguu mangweni, pale wanapouuzia. Kutoka langoni mpaka ndani ataubeba Mutiso, kwa sababu kubeba ndiyo kazi yake.

Tulikaa mikutano miwili kulipanga jambo hilo. Tulipanga nani ataketi wapi, nani atamkanyaga Kahindi mguu akianza kulegea, nani ataanzisha kikohozi. Watu wazima watano, wenye akili zao, wawili kati yao Wagiriama wa kuzaliwa. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba katika msafara kama huo lazima awepo mtu anayekunywa.

Hilo ni kosa letu sisi tu. Mlevi asingelifanya, na mtu asiyewahi kunywa asingelifanya. Tulikuwa tumezoea sana kujiweka mbali na kata hata tukasahau kwamba kata ingemtafuta mtu.

Siku ilipofika tulikwenda Mwakirunge, alasiri, tumevaa. Mutiso alikuwa na koti la mtu mwingine. Mtu wa bodaboda alikuwa ameshauacha mtungi langoni, umezibwa kwa kizibo cha majani, povu linachungulia. Mutiso akauendea. Huyu ni mtu nimemwona akipandisha mlima na magunia ya viazi kutoka bara. Akauinamia mtungi, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Huo siwezi, Zuhura. Nipe gunia. Huo siwezi."

Kahindi akauchukua mwenyewe. Nikataka kumzuia, lakini mlango wa nyumba ulikuwa ushafunguliwa na shangazi za Dama wanatutazama. Akatembea nao mpaka sebuleni, na kila hatua kizibo kinatema povu, linamshuka mkononi mpaka kwenye kiwiko.

Tukakaribishwa. Viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma, na Mzee Ngowa alikuwa mbele yetu, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, kata ya kifuu cha nazi iko mezani. Mzee Baya akasema maneno ya posa, na aliyasema vizuri, nitamsifu kwa hilo. Alilitafuta ua lililochanua katika boma hili mpaka mimi mwenyewe nikatamani kuolewa. Mzee Ngowa akasikiliza, akaridhika, akachota mnazi akaijaza kata, akamsogezea.

"Haya, mwenzangu. Tuondolee shaka."

Mzee Baya akaitazama kata. Akatutazama. Akasema, "Mimi nimeokoka."

"Bwana asifiwe," Mzee Ngowa akasema, akamsogezea Mama Kadzo.

"Mimi presha, mwanangu. Daktari kakataza."

Ikaja kwa Mutiso. "Tumbo, mzee. Tangu jana." Akalishika, tena si mahali tumbo lilipo.

Ikaja kwangu. "Mimi Mwislamu," nikasema, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuitumia dini yangu kwa kazi hiyo.

Shangazi mmoja wa Dama alikuwa ameacha kutabasamu. Mzee Ngowa akairudisha kata mezani taratibu. Hakupandisha sauti.

"Watu watano," akasema. "Mmeniletea mnazi nyumbani kwangu, na hakuna anayeugusa. Wanne mmenipa sababu, na kila sababu ni nzuri. Hebu niambieni basi. Mnazi huu una nini?"

Hapo ndipo tulipofahamu. Kwake yeye tulikuwa tumeleta sumu, au kitu kibaya kuliko sumu.

Kahindi akanyosha mkono akaichukua kata.

Niliuona ule mkono. Ulikuwa umetulia tuli, na huo utulivu ndio ulionitisha. Mutiso alitakiwa amkanyage mguu. Mutiso alikuwa amefumba macho. Kata ikapanda mpaka kifuani. Kahindi akaikalisha hapo, akaitazama, na nikajua hasa anachokitazama, maana nami pua yangu haijastaafu.

Kisha akaiweka chini.

"Mzee," akasema, "mnazi hauna kitu. Ni sisi. Mimi naitwa Kahindi, na mimi ni mlevi. Niliacha. Hawa wote pia. Si jamaa zangu wa damu, jamaa zangu wa damu hawanitaki. Hawa hukaa nami tukasaidiana tusirudie. Ndiyo maana hakuna wa kuonja. Tulisahau kumleta mtu."

Maneno yale nilikuwa nimeyapinga tangu mkutano wangu wa pili. Bado naweza kuyapinga, nina hoja. Lakini sijawahi kumwona mtu akiyatoa mahali yanapoweza kumgharimu mke.

Nje kuku alikuwa akitangaza yai lake. Mzee Ngowa alimtazama Kahindi muda mrefu, kisha akamtazama Mutiso, ambaye bado ameshika tumbo mahali pasipo tumbo.

"Na tumbo?" akauliza.

"Limepoa, mzee," Mutiso akasema.

Mzee Ngowa akageuza uso kuelekea mlango wa ndani. "Mwiteni Dama."

Kwa kawaida msichana huitwa aulizwe kama mnazi unywewe au usinywewe, na jibu lake ndilo jibu la posa. Dama akaja, leso kichwani, akapiga magoti. Alikuwa amesikia kila kitu. Pazia halizibi sauti.

"Dama," babake akasema. "Mnazi umekuja. Walioleta hawawezi kuuonja. Sijawahi kuona jambo kama hili, na sijui mila inasema nini. Wasemaje wewe? Tuunywe, au warudi nao?"

Dama aliitazama kata, akamtazama Kahindi na ule mkono wake uliolowa, akamgeukia babake.

"Upande wao hauna mtu wa kuonja?"

"Hauna."

"Basi mimi ni upande wao."

Akaichukua kata kwa mikono miwili akanywa funda moja. Akakunja uso. "Mkali," akasema, akampa babake.

Shangazi yule aliyeacha kutabasamu ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, wengine wakafuata. Mama Kadzo akalia waziwazi, akasema ni presha. Mzee Ngowa alinywa, akapangusa mdomo, akamwambia Mzee Baya, "Haya, mwokovu, tuzungumze mahari." Baadaye, katikati ya mazungumzo, alimwinamia Mama Kadzo akamnong'oneza akitaka kujua tunakutana siku gani. Mama Kadzo akamwambia. Alikuwa anauliza kwa ajili ya nani, sikujua, na nyinyi wa mlangoni msije mkatafuta kujua.

Hiyo ndiyo nusu mnayoisikia, na wengi huikomesha hapo kwenye vigelegele. Yenyewe inaendelea kidogo.

Soda zilipoletwa niligundua Kahindi hayupo. Nikatoka. Sikukimbia, kwa sababu mlangoni nilijifunza kwamba ukimkimbilia mtu naye hukimbia. Nilimkuta nyuma ya nyumba kando ya tangi la maji, amekunja mikono ya shati, anajisugua kwa kipande cha sabuni ya kufulia, kiganja, vidole, kiwiko, kama anayetaka kubandua ngozi. Lile povu la njiani. Alikuwa amekaa nalo mkononi posa yote, limekauka, na kila alipojishika uso harufu ilikuwa hapo.

"Zuhura, nimwagie."

Nikachukua kopo nikamwagia. Akasugua. Nikamwagia tena. Hatukuzungumza, na hilo nawausia pia: mtu akiwa pale alipokuwa Kahindi, msimpe hotuba. Mpeni maji.

Akaninyoshea mkono mpaka karibu na pua. "Nusa. Imetoka?"

Mtu mwema angesema imetoka. Ndani walikuwa wakiimba, amepata mke, jua zuri, neno dogo tu. Nikanusa.

"Bado," nikasema.

"Sana?"

"Kidogo."

Akanitazama, maji yanamchuruzika kwenye viwiko. "Hata siku ya posa yangu huwezi kunidanganya?"

"Siwezi."

Akaanza kucheka, mabega yakamshuka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza siku ile kuvuta pumzi yote. Akachukua sabuni.

"Basi mwaga maji."

Nikamwaga.